Maziwa ya Wana Tisa

Nairobi
Jumapili, 11 Januari 2026

Kwa ndugu yangu Shukri,

Assalamu alaykum.

Seli za titi la mwanamke hazimalizi kukomaa mpaka abebe mimba yake ya kwanza na kuifikisha siku zake. Aliyesema hivyo ni Daktari Emily Wamuyu, mtafiti wa seli, Jumatano iliyopita hapa Nairobi, mbele ya waandishi wanane. Nilikuwa mmoja wao. Gazeti limenipa aya sita kwa jambo lililochukua saa mbili kuelezwa, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika kwako.

Nilipokuja Kipungani mwezi wa Desemba, Mama aliniuliza: "Hao wasemao kunyonyesha kwapunguza saratani, wajuaje?" Sasa ninalo jibu. Nimeliandika badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya Mama. Huwekwa spika, kila apitaye uani hunisalimu, na mwisho najikuta nasimuliwa harusi ya mtu nisiyemjua. Barua husomwa mara mbili. Msomee yeye na wenziwe wakiwa wanasuka.

Daktari Emily alieleza hivi. Msichana anapovunja ungo, titi hukua na mirija yake hutoa matawi, lakini seli nyingi za kwenye ncha za matawi hayo bado hazijapewa kazi. Zinagawanyika upesi, na seli inayogawanyika upesi hukosea. Kosa lisiporekebishwa likarudiwa na kurudiwa, huko ndiko saratani inakoanzia. Mimba ya kwanza ikitimia, seli hizo hushika kazi moja, nayo ni kutengeneza maziwa. Zikishaishika hazigawanyiki ovyo tena, na zikiharibika hujirekebisha vizuri zaidi.

Nilimwambia kwamba kwetu wanawake wanasuka mikeka. Chane, yaani jani la miyaa lililochanwa, ikiwa bado imelala kapuni yaweza kuwa mkeka, yaweza kuwa kipepeo cha jikoni, yaweza kuoza. Ikishaingia kwenye ukili, ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, imepata mahali pake. Alicheka, akaliandika hilo kwenye daftari lake.

Kuhusu takwimu, alisema utafiti wa nchi nyingi unaonyesha kwamba mwanamke aliyezaa mtoto wa kwanza kabla ya miaka ishirini ana karibu nusu ya hatari ya yule aliyezaa wa kwanza baada ya thelathini na tano. Kisha, kila miezi kumi na miwili ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, hupunguza hatari kwa takriban asilimia nne nyingine. Mwenzangu mmoja akauliza kama basi wasichana wazae mapema. Daktari alijibu: "Hapana. Kuzaa mapema kuna hatari zake, na ni kubwa. Tunataka kujua mwili unafanya nini, ili siku moja tuuige kwa dawa bila mimba."

Mwambie Mama ajihesabu. Alizaa akiwa na miaka kumi na tisa. Alinyonyesha watano wake na wanne wa watu, nikiwemo mimi, mama yangu alipougua baada ya kunizaa. Kwa hesabu hiyo sidhani Kipungani kuna mwanamke aliyekingwa kuliko yeye.

Mimi nina miaka arobaini na moja na sijazaa, kwa hiyo niko upande wa pili wa hesabu hiyo. Nilipimwa Novemba. Sina kitu.

Nduguyo,
Rawiya


Kipungani
Jumatatu, 19 Januari 2026

Ndugu yangu wa ziwa Rawiya,

Waalaykumu ssalaam. Barua imefika Alhamisi kwa mkono wa Hamdun, ameileta na mashua yake kutoka Mokowe ikiwa imelowa pembe moja tu. Nimeisoma uani mbele ya wanawake kumi na wawili, mara mbili, na ile sentensi ya mwisho kuhusu Mama nikaombwa niisome mara ya tatu. Mwombaji alikuwa Mama mwenyewe.

Ungelikuwapo ungecheka. Bi Fahima, mamake Hamdun, aliweka ukili chini akasema, "Basi mimi na wangu saba, saratani ikiya itakuta mlango umefungwa!"

Mama akamjibu, "Wako una komeo moya, Fahima. Wangu una mawili. Mimi ni tisa, na wanne si wa nyumbani, na mmoya wao ni wako."

"Huyo Hamdun nalikupa kwa jipu, si kwa kupenda! Ziwa lilikuwa limenivimba kama boga."

"Na akarudi kwako amenona hata ukamsahau."

Wakaingia kutusema sisi wawili. Bi Fahima akadai wewe ulikuwa mlafi, ukininyang'anya. Mama akakataa. Akasema hapakuwa na ugomvi kwa sababu kila mtu alikuwa na lake tangu siku ya kwanza. Ziwa la kulia lilikuwa la Rawiya, la kushoto la Shukri, na ukibadilishiwa ulilia mpaka urudishwe kwako.

Kuna jambo jingine jema. Sista Mueni wa zahanati, yule Mkamba, alikuwa ameandika wanawake kumi na mmoja wa kwenda kupimwa saratani ya maziwa hospitalini tarehe 16 Februari. Alipita kuwakumbusha tukiwa bado na barua mkononi. Mama akamwambia, "Mimi nifute. Kawapime wasozaa."

Sista akasema, "Mama, hiyo karatasi haipimi mtu."

"Karatasi hii imeandikwa na mwanangu, na mwanangu amesema na daktari mkubwa kuliko wako."

Tulicheka sote, hata Sista alicheka kidogo. Wengine sita wakataka kufutwa pia, wakafutwa. Wamebaki wanne, na safari imekuwa nyepesi.

Mama ni mzima. Mkeka wa nyumba mpya ya Hamdun haujaisha, maana siku hizi husuka ukili tu na kuniachia mimi kushona. Asema sindano yamchosha mkono wa kulia. Tena amekuwa na baridi za kizee. Hufunga leso mpaka shingoni na joto hili, na kulala hulalia ubavu wa kushoto tu. Wanangu watatu wakusalimu.

Wako,
Shukri


Nairobi
Jumatatu, 26 Januari 2026

Kwa Shukri,

Nimekosea, na kosa ni langu, si la Daktari Emily.

Gazetini tuna desturi: kosa likitoka, masahihisho huwekwa mahali palepale kosa liliposimama, wala hayafichwi ukurasa wa ndani. Kwa hiyo nakuomba usome maneno yafuatayo uani, kwa wanawake walewale, kwa sauti ileile.

"Mimi Rawiya niliandika kwamba Mama, Bi Hadia, amekingwa. Daktari hakutumia neno hilo. Nimempigia simu kuhakikisha, akasema: 'Sikusema kinga. Nilisema hatari hupungua. Aliyezaa na kunyonyesha hupata saratani pia, na nimewatibu wengi.' Kuna mambo mengine aliyoyasema ambayo sikuyaandika. Miaka michache baada ya kuzaa, hatari hupanda kwanza kabla ya kushuka. Kadiri umri unavyokwenda, hatari huongezeka kwa kila mwanamke, aliyezaa na asiyezaa. Na si seli zote za titi zinazoshika kazi. Mwili huweka akiba ya seli zisizo na kazi maalumu, za kujengea upya. Msukaji naye hafumi chane zote. Mkeka ukiisha, huweka zilizobaki za kuzibia utakapochanika, na hizo zilizobaki zaweza kuoza kama zozote. Waliofuta majina yao kwa sababu ya barua yangu, naomba wayarudishe."

Hayo ndiyo ya kusoma. Karatasi hii ya pili ni yako peke yako.

Shukri, umeniandikia kwamba Mama hashoni, analalia ubavu mmoja, na anafunga leso hadi shingoni wakati wa joto. Umeyaweka mwishoni, baada ya vichekesho. Mimi ningeyaweka mwanzo. Nataka kujua mkono ulianza lini kumchosha, kama yuko anayemwona akioga, na nani alikuwa wa kwanza kufuta jina. Hilo la mwisho umeshalijibu bila kujua.

Usiniandikie "uzee". Niandikie tarehe.

Nduguyo,
Rawiya


Kipungani
Jumatatu, 2 Februari 2026

Rawiya,

Masahihisho yako nimeyasoma kama ulivyotaka. Bi Fahima akasema, "Komeo limeshatoka," akainuka kwenda kumtafuta Sista. Wote sita wamerudi kwenye orodha. Mama hakurudi.

Alisema, "Leo hivi, kesho vile. Watu wa Nairobi hawana neno moya." Akaendelea kusuka. Nilimtazama mikono. Ukili wake, ambao miaka yote watu husema waweza kuupimia rula, ulikuwa umekwenda upande.

Umetaka tarehe. Mkono umeanza Novemba, kabla hujaja wewe. Nimekumbuka kwa sababu ndipo alipoacha kubeba ndoo. Kuoga hufunga mlango kwa ufito, jambo ambalo hakulifanya hata nilipokuwa mwari nikimwonea haya. Jana nilimkabili. Nikamwambia, "Mama, una kitu?"

Akanijibu, "Nina wana tisa."

Nikamwambia hilo silo nililouliza. Akaniambia nikatie kuku chakula.

Na mimi nina langu la kukwambia, na usikasirike. Wewe uko mbali. Barua yako ilipendeza kwa wiki mbili, kisha ikaja nyingine ikavunja ile ya kwanza, na anayekaa hapa kumtazama Mama usoni ni mimi. Kama hukuwa na hakika, ungelisubiri kuandika. Sasa nikimwambia neno la daktari aniuliza, "La barua gani, ya kwanza au ya pili?"

Sijui nifanye nini. Nimehesabu: zimebaki siku kumi na nne kabla ya safari ya hospitali, na siku mbili baadaye huenda mwezi wa Ramadhani ukaandama. Ukiandama atasema tungoje mpaka Idi.

Shukri


Kipungani
Tarehe 4 Februari

Kwa mwanangu Rawiya,

Salamu sana, baada ya salamu nakuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu nilizokufunza mwenyewe. Mato yangu hayaoni vizuri na mwandiko umekuwa wa kuku. Soma polepole. Nimempa Hamdun akutumie. Shukri hajui, na sitaki ajue.

Kitu kipo. Kigumu, kadiri ya kokwa ya ukwaju, hakiumi. Nalikiona mwezi wa Novemba nikioga. Nikasema kitaondoka. Hakikuondoka.

Ni la kulia.

Wajua lilikuwa la nani.

Mimi siogopi kufa. Nina miaka sitini na nne na nimezika wadogo kuliko mimi. Nnaloogopa ni hili. Nalipokea wana wa watu wanne. Mamako, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kuinua kitwa kitandani, akanishika mkono akaniuliza kama maziwa yangu ni safi, nami nikamwapia. Fahima aliniletea Hamdun akiwa na siku tisa. Na wale wawili wengine nao wamekuwa watu, wana wake zao na wana wao.

Sisi twajua ndugu wa ziwa hawaoani. Na kwa nini? Kwa kuwa maziwa hujenga nyama na mfupa, ndivyo tulivyofunzwa. Basi ziwa likiwa na ugonjwa, yakijenga na ugonjwa je? Watu watasema wana wale walinyonya nini. Watawatazama wana wa Hamdun. Nimefikiri mengi, hata hilo la kutozaa kwako nimelifikiri, nikasema labda ndiyo sababu.

Barua yako ya kwanza ilinipa kisingizio, nikakishika. Nilijua si kweli. Nalikuwa na kokwa chini ya leso huku Shukri akisoma kuwa nimekingwa.

Sasa nijibu. Nijibu kama umwandikiavyo mtu usomjua. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, umeshanipaka mara moya.

Mamako,
Hadia


Nairobi
Jumapili, 8 Februari 2026

Kwa Mama,

Assalamu alaykum. Nimejaribu herufi zako. Ukikwama kwenye mwandiko wangu, lawama ni za mwalimu.

Jibu ni hapana. Hukunipa ugonjwa mimi, wala Hamdun, wala yeyote katika wale tisa.

Jana nilimwendea Daktari Emily ofisini na kumsomea swali lako bila kutaja jina wala kisiwa. Aliniomba nilisome tena. Kisha akasema hivi, nami niliandika neno kwa neno: "Mwambie seli zilizotengeneza maziwa yale hazipo tena. Mtoto alipoachishwa ziwa, nyingi zilikufa na mwili ukazisafisha. Zilifanya kazi yake zikamaliza. Uvimbe wa leo umetoka kwenye seli nyingine. Hata kama kosa la kwanza lilitokea zamani, halikupitia kwenye maziwa. Katika tafiti zote tulizo nazo, kunyonya hakumpi mtoto saratani ya mama."

Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema katika mambo yote anayoulizwa, machache ana hakika nayo kama hili.

Kutozaa kwangu kuna sababu zake. Ninazijua, zimeandikwa na daktari, na wewe humo.

Ulimwapia mama yangu kwamba maziwa yako ni safi. Yalikuwa safi. Kiapo chako kimesimama.

Mengine siyajui, na sitajifanya najua. Sijui kama kitu hicho ni saratani. Nawe hujui. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini kwa umri wako haufai kukisiwa, unafaa kupimwa. Daktari anasema kokwa ya ukwaju bado ni ndogo, na kwamba ikiwa ni saratani, udogo ndio unaofanya tiba iwe rahisi. Tangu Novemba ni miezi mitatu. Usiongeze wa nne.

Umenitaka nisimwambie Shukri. Sitamwambia mimi, utamwambia wewe. Nakupa mpaka Ijumaa tarehe 13. Jumamosi asubuhi nitampigia simu, na simu ikiwekwa spika, yote yatatoka.

Katika barua ya kwanza niliandika sentensi moja ya kukufurahisha. Hiyo si kazi yangu, nami sitairudia.

Mwanao,
Rawiya


Kipungani
Jumanne, 17 Februari 2026

Ndugu yangu Rawiya,

Mama amepimwa jana. Sista Mueni alikuwa naye chumbani, na ndiye aliyeniambia: uvimbe umeonekana kwenye picha ya titi la kulia, wamechukua kinyama kwa sindano, na kimepelekwa maabara. Matokeo wiki mbili hadi tatu.

Sasa nikupe yaliyotangulia, maana hayakupita kama ulivyopanga.

Alhamisi tulikuwa uani kama kawaida. Mama akatoa barua yako chini ya leso. Nikanyoosha mkono niisome, akaninyima. "Hii naisoma mwenyewe." Akaanza na ile yake aliyokuandikia. Alikuwa ameinakili, Rawiya, neno kwa neno! Akasoma kokwa ya ukwaju, akasoma la kulia, akasoma kiapo chake kwa mamako. Alipofika kwenye jina la Hamdun hakulikwepa, na mamake Hamdun ameketi hatua tatu kutoka kwake. Kisha akasoma yako yote, mpaka ile ya spika.

Alipomaliza hakuna aliyesuka. Mimi nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, vyote pamoja. Mama alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Bi Fahima.

Bi Fahima akasema, "Hadia."

"Nakusikia."

"Nina wana saba. Sita wamenyonya kwangu, na kila msimu wa mvua nyumba yangu ni kikohozi mtindo mmoja. Hamdun hajalala hata siku moya kwa homa. Ningalijua maziwa yako ni hivyo, ningalikuletea wote saba, na baba yao juu!"

Basi ndipo watu walipopata pumzi. Mama alicheka mpaka akashika mkono wake wa kulia, na safari hii hakuuficha. Bi Fahima akamvuta akamwinua. "Twende kwa yule Mkamba wako. Tukangoje nini?"

Sista Mueni hakusema "nilikwambia". Alifungua daftari, akaliandika jina tena chini ya wengine, maana la kwanza alikuwa amelikata vizuri mno. Akasema tu, "Mama, umekuja mapema kuliko wengi ninaowaona." Mama akamuuliza kama asema kweli au ampaka mafuta. Sista akasema yeye hana hata mafuta ya kupikia.

Jana Hamdun aliwachukua wote kumi na mmoja, pamoja na mimi na Sista, kwa mashua yake ya injini. Tulipofika ufukweni alishuka majini kabla hajafunga kamba, akambeba Mama mpaka kavu ili asilowe miguu. Mama akamgombeza kuwa yeye si gunia. Akasema, "Nyamaza, Mama. Ulinibeba mimi kabla sijakubeba wewe."

Maneno yangu ya barua iliyopita sikuyafuta, lakini yamepungua uzito. Bado nasema ungelisubiri. Ila ungelisubiri, huenda Mama asingelipata wa kumwandikia.

Shukri


Nairobi
Jumamosi, 21 Februari 2026

Kwa Shukri,

Nimeisoma. Una haki katika lile la kusubiri, nami nimelikubali mbele ya mhariri wangu pia. Makala ya pili imetoka jana, aya kumi na nne, na aya ya kwanza inasema kupungua kwa hatari si kinga. Sijamtaja Mama.

Neno moja la kukuandaa. Matokeo yakija na jina la saratani, uliza maswali haya kabla ya kuondoka chumbani: ukubwa wake, kama imefika kwenye tezi za kwapani, na daraja la seli. Daraja maana yake ni kiasi gani seli hizo zimeiacha kazi yake ya asili. Zilizoiacha kidogo huenda polepole. Yaandike majibu palepale, usiyabebe kichwani.

Ramadhani karimu.

Rawiya


Kipungani
Jumatano, 11 Machi 2026

Ndugu yangu Rawiya,

Ni saratani. Daktari Hesbon, mpasuaji, ametwambia jana saa nne asubuhi, mimi, Mama na Sista Mueni tukiwa chumbani. Nimeandika majibu palepale kama ulivyosema, na nayanakili kwenye karatasi hiyohiyo niliyoandikia.

Ukubwa ni sentimita moja na nusu. Tezi za kwapani hazionyeshi kitu kwenye picha, watazihakikisha siku ya upasuaji. Daraja ni la kwanza. Daktari alieleza kwamba chini ya darubini seli hizi bado zafanana sana na seli za titi zilizo nzima, bado zajipanga kama mirija, na kwa kawaida aina hii hukua taratibu.

Mama akamuuliza, "Yaani zimesahau kazi yake?"

Daktari akamjibu, "Zimesahau kidogo, Mama. Si yote."

"Kama mimi," akasema Mama. Daktari ni mtu wa bara, mkimya, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Hataondolewa titi zima. Utakatwa uvimbe na ukingo wake, kisha mionzi wiki kadhaa Mombasa, kisha vidonge kwa miaka. Daktari hakuahidi. Alisema wagonjwa wengi wenye majibu kama haya huishi na kufa kwa mambo mengine. Mama akasema hilo lamtosha, maana mambo mengine anayo mengi.

Wale kumi wengine: tisa hawana kitu. Bi Fahima alikutwa na kivimbe cha maji, si saratani, kimenyonywa kwa sindano. Anatembea mji mzima akitangaza kuwa ametobolewa komeo. Mimi sikuwa kwenye orodha ile ya kwanza kwa sababu nilijiona bado kijana, na nimenyonyesha watatu. Sista anaandika orodha nyingine ya Juni. Jina langu ni la kwanza.

Habari ya wana wa ziwa. Mama alitaka waambiwe yeye mwenyewe akiwapo, basi Ijumaa iliyopita waliitwa kufuturu. Abdulwahid, yule wa tatu, ametoka Faza kwa ajili hiyo. Yule wa nne, Bwanamkuu, ambaye yuko Kiunga, alisikiliza kwa simu, spika ikiwa wazi. Mama aliwasomea barua yako, ile ya jibu la daktari. Alipomaliza, Abdulwahid aliuliza jambo moja tu, kama bado kuna viazi. Usiku huo kwa mara ya kwanza tangu Novemba Mama hakufunga mlango wa hamamu kwa ufito.

Mkeka wa Hamdun umeisha. Nimeshona mimi, Mama akikagua na kunifumulia kila nilipokwenda upande. Chane zilizobaki amezifunga fundo, akazining'iniza juu kwenye hewa zisipate unyevu, na kila Ijumaa huzishusha kuzitazama moja moja. Nadhani wajua kwa nini, maana uliziandika wewe.

Akuagiza mambo mawili. La kwanza, kipimo chako cha mwaka ni Novemba, na yeye atauliza tarehe, si mwezi. La pili, njoo na kalamu, kwa kuwa mimi nitakuwa nimemshika mkono na siwezi kuandika.

Tunaondoka Jumatatu tarehe 23 Machi, Idi ikishapita, na mashua ya Hamdun mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa. Kulazwa ni Jumanne tarehe 24. Upasuaji ni Jumatano, tarehe 25 Machi, saa mbili asubuhi, wodi ya wanawake, ghorofa ya pili. Wewe njoo kutoka Nairobi, ukae upande wa kulia wa kitanda.

Nduguyo,
Shukri